Mashavu na Mchanga wa Wampembe

Mnyama akinyonyoka manyoya, msikimbilie dawa. Mnuseni kwanza.

Mnacheka. Chekeni tu, hata mimi nilicheka siku nilipoambiwa, nikiwa kijana mwenye kaptula ya khaki ya serikali ya Mwingereza na kofia iliyonizidi kichwa. Aliyeniambia ni Mzee Anselmi, mkuu wangu pale joshoni. Alipoona nacheka akanishika kisogo, akanisukuma pua mpaka kwenye shingo ya ndama mwenye upele.

"Unasikia nini?"

Nikasema nasikia ng'ombe.

"Rudi tena."

Nikarudi. Chini ya harufu ya ng'ombe kulikuwa na harufu nyingine, kama unga uliolala na unyevu.

"Huo ndio upele," akasema. "Sasa ukiukuta kwa mbuzi, kwa mbwa, hata kwa mkweo, utaujua."

Basi hiyo ndiyo shule niliyosoma. Ile nyingine, ya mapadri, niliiacha darasa la pili kwa sababu ya ng'ombe hao hao, na baba yangu alishanisamehe kabla hajafa. Kwa hiyo mkiona maneno yangu yanatembea kama mifugo inayotoka malishoni, kila mmoja na kichaka chake, nyinyi kaeni mlangoni mwa zizi msubiri. Wote watafika.

Josho lenyewe nyinyi mmelikuta limebomoka, mnaanikia ulezi juu yake. Enzi zetu lilikuwa limejaa maji yenye dawa, na dawa ya wakati ule ilikuwa sumu kali, si hizi zenu za kunyunyiza. Ng'ombe anaruka, anazama, anaibuka anakohoa, anaogelea mpaka upande wa pili, kupe wote chali. Kazi yetu ilikuwa kuchanganya, kuwasukuma, na kukagua ngozi zao walipotoka wakichuruzika. Na kwa kuwa tulikuwa watu wa ngozi, kila aliyekuwa na kitu kilichonyonyoka Ufipa nzima alituletea. Punda aliyechubuliwa na mzigo. Mbuzi mwenye choa. Mama mmoja aliniletea mume wake mwenye upara, akaniambia, "Bwana Josho, huyu naye vipi?" Mume mwenyewe amesimama pale, kofia mkononi, anacheka kwa haya.

Lakini dawa yetu haikuwa ya mchezo. Kulikuwa na mtu wa Kate, mkulima mzuri, mwenye matuta yaliyonyooka kuliko ya jirani zake wote. Kuku wake walianza kudondosha manyoya. Alisikia kwamba maji ya josho huua kila mdudu, akaja tukiwa hatupo, akachota kibuyu kimoja, akaenda kuwaogesha. Siku iliyofuata alituletea wale kuku ndani ya kapu, amewapanga vizuri kama anawapeleka harusini, wote wamekufa. Mimi nilitaka kucheka. Mzee Anselmi hakucheka. Alichukua jembe, wakachimba shimo pamoja, akamkataza asimle hata mmoja, akamsindikiza mpaka nusu ya njia. Aliporudi akaniambia, "Wale kuku walikuwa wanabadilisha nguo tu. Kuku hubadilisha nguo kila mwaka. Ni sisi tunaovaa moja mpaka itoboke."

Sasa nije kwa Mashavu, ambaye ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Mjini Sumbawanga kulikuwa na duka la Bwana Salimu. Duka na lori: unga, chumvi, kaniki, mafuta ya taa, miche ya sabuni iliyopangwa kama matofali mpaka darini. Nyuma ya duka ndipo walipokaa, yeye na mama yake Bi Rukia na binti yake Zuhura, aliyekuwa bado mtoto wa chuo cha Kurani, na mama yake mzazi alikwishatangulia mbele ya haki. Mimi ni Mkatoliki na wao ni Waislamu, lakini kwa Bi Rukia nilikunywa kahawa zaidi ya niliyokunywa kwetu. Yule bibi alikuwa na ulimi. Ukimsalimia, "Shikamoo mama," anakujibu, "Marahaba, na hizo kucha utazikata lini?"

Mzungu mmoja msimamizi wa barabara aliporudishwa kwao, mkewe alimwachia Zuhura mnyama wa mtoto wake. Kwa macho ya haraka ni panya. Ukimtazama vizuri hana mkia wa kutisha, ana kinundu tu, na manyoya ya rangi ya asali, na mashavu yenye mifuko ndani. Unampa punje za ulezi, anazisukuma zote mashavuni mpaka uso unakuwa mpana kama wa mpiga zumari, halafu anakwenda kuzitema kibandani kwake kama mtu anayejaza ghala. Kwa hiyo Zuhura akamwita Mashavu. Siku hizi nasikia mnamwita hamsta. Sawa, ni yeye.

Siku niliyoitwa nilimkuta Zuhura amempakata kwenye kanga. Hakunisalimia, jambo ambalo halikuwa tabia yake.

"Mtazame," akasema.

Nikamtazama. Maskini! Tumbo wazi, mbavu wazi, manyoya yamebaki mgongoni na kichwani kama mtu aliyevaa koti bila shati. Ngozi imekauka, inabanduka vipande vyeupe kama pumba za ulezi, na kwapani ni nyekundu. Anajikuna, anaacha, anajikuna.

"Na haya," Zuhura akasema. Akanyanyua ule mguu wa nyuma kidogo. Kwenye paja, pale juu ya nyonga, kulikuwa na doa jeusi lenye unyevu kidogo. "Watu wanasema ni ukoma."

Na mimi, nisiwadanganye, roho ilishtuka. Sikuwahi kumwona mnyama huyo maishani mwangu. Nikamgeuza: upande wa pili doa jingine, mahali pale pale, ukubwa ule ule. Nikakumbuka neno la mzee wangu. Alikuwa akisema ugonjwa hauna rula. Ugonjwa humpiga mnyama hapa na pale kama mvua ya mawe inavyopiga shamba, tuta hili limelala, lile limesimama. Ukiona alama mbili zimepangwa kulia na kushoto, zimelingana, ujue hizo alizaliwa nazo.

"Haya si ukoma," nikamwambia. "Haya ni yake. Pengine ndiyo manukato yake."

Zuhura akavuta pumzi. "Na upara?"

"Huo sasa ndio ugonjwa."

Nikamnusa. Mnajua nilisikia nini? Sabuni. Nikageuza shingo: nyuma yangu ukuta mzima ni sabuni. Mle dukani kila kitu kilinuka sabuni, hata sukari, hata Bwana Salimu. Nikaona pua yangu haina kazi pale, nikaiacha. Nikamtazama kwa macho, na macho yakasema upele.

Dawa ya upele tuliyokuwa nayo ni kiberiti upele, ule unga wa njano, tuliouchanganya na mafuta. Mzee Anselmi alinikuta nachanganya, akachungulia kopo.

"Hayo mafuta gani, Desderi?"

"Yale ya siku zote, ya misheni."

"Ya nguruwe."

Nikalitazama kopo.

"Unampelekea Bi Rukia nguruwe nyumbani kwake," akasema taratibu, kama anayesoma habari ya msiba. "Atakutoa kwa mwiko, nami sitakuja kukuokota."

Nikamwaga, nikachanganya upya na samli. Nikapeleka, nikampaka mwenyewe kidogo kidogo, nikamwonyesha Zuhura. Nikaenda zangu kwa ng'ombe nikijiona mganga.

Niliporudi, hali imezidi. Upara umepanda mgongoni. Ngozi imepasuka mistari myembamba. Mashavu hata ulezi hataki, amejikunja kwenye kona juu ya takataka za randa walizomtandikia. Na sasa mambo yalikuwa yametoka nje ya nyumba. Mwanamke mmoja wa Kizwite alikuja kununua unga, akamwona yule mnyama mikononi mwa mtoto, akaweka beseni lake chini polepole, akasema, "Nimesahau pesa," akaondoka, hakurudi. Baada yake wengine nao wakawa wanasahau pesa. Sokoni wakasema kwa Salimu kuna panya mwenye ukoma anayelala kwenye unga.

Bwana Salimu hakuwa mtu mbaya. Nataka mlijue hilo. Alinitoa nje ya duka, akaniambia kwa sauti ya chini ili binti asisikie, na binti alisikia kila neno.

"Maulidi inakuja. Ndugu zangu wanakuja kutoka Mpanda, wengine kutoka Tunduma. Watakula nyumbani kwangu. Siwezi kuwaandalia sinia kwenye nyumba yenye kitu kile. Nipe kichupa kimoja cha maji yenu ya josho. Aoge. Akipona kheri, akifa kheri."

Nikamsimulia habari ya kuku wa Kate. Akajishika ndevu.

"Basi atatoka. Atakaa banda la magunia huko uani."

"Kwa baridi hii?"

Mnaijua baridi ya kwetu wakati ule wa mwaka, upepo unashuka usiku mpaka maji kwenye mtungi yanauma meno. Mtu mwenye blanketi anatetemeka. Kiumbe kisicho na manyoya, kikubwa kama yai la bata, kingeamka kimekauka.

"Desderi," akasema, "mimi nina nyumba ya kulisha. Mpaka Maulidi. Akiwa bado hivi, atatoka."

Zuhura hakulia. Alinifuata mpaka njiani, akaniuliza, "Bwana Josho, akipona baada ya Maulidi, si atakuwa amepona bure?"

Nilikwenda joshoni na swali lile, nikammwagia Mzee Anselmi yote. Alikuwa anatoa mwiba kwenye kwato. Hakunijibu habari ya panya. Akaanza, "Ulishawahi kumsikia mbwa wa Wampembe?" Nikajua leo nitakula ugali uliopoa.

Kule Wampembe, ziwani, kulikuwa na mvuvi mwenye mbwa aliyenyonyoka upande mmoja tu. Upande wa kulia mbwa mzima, upande wa kushoto kama ngoma. Walimpaka kiberiti, wakampaka oili chafu ya gari iliyoletwa kutoka mbali, mbwa akakimbia na oili yake akajifuta kwenye kanzu nyeupe ya katekista iliyoanikwa kwa ajili ya Jumapili. Vita ikazuka. Mzee Anselmi alipofika, wakamletea mbwa. Akasema, "Mbwa nimemwona. Nionyesheni analala wapi." Wakampeleka. Mbwa analala chini ya uchanja wa kukaushia samaki, ubavu wa kushoto umeegemea moto, kila siku ubavu ule ule, kwa sababu samaki wakidondoka hudondokea upande ule. Hakuwa na ugonjwa. Alikuwa na tamaa tu, na ilimbabua.

"Panya umemwona," mzee akaniambia, akainuka, kiuno kikalia. "Siku yake umeiona?"

Basi siku yangu ya mapumziko nikaenda kukaa kwenye baraza ya Bwana Salimu tangu asubuhi. Nilijisingizia nasubiri lori. Asubuhi, hakuna. Zuhura alimlisha, akaenda chuoni. Adhuhuri, hakuna, kila mtu amelala. Nikaanza kuona mbwa wa Wampembe ananidanganya.

Ilipokaribia alasiri, Bi Rukia akatoka na karai. Maji ya vuguvugu, mvuke unapanda. Kipande cha sabuni ya kufulia. Akamchukua Mashavu kwa upole kama anayechukua mtoto wa siku arobaini, akamtia majini, akamsugua povu likapanda mpaka masikioni, akamsuuza, akamsugua tena, hasa tumboni na kwapani. Alikuwa anamwimbia, kwa sauti ndogo. Kisha akamfunga kwenye kanga kuukuu, akamkausha, akampulizia pumzi ya joto. Bibi yule, ambaye mimi aliniambia nina kucha za kunguru, anampulizia panya!

"Shikamoo mama," nikasema.

Akashtuka. "Marahaba. Wewe upo hapa toka saa ngapi?"

"Humwosha kila siku?"

"Kila siku. Na tangu ulipoanza kumpaka mauchafu yako ya njano, mara mbili." Akamwangalia Mashavu. "Salimu hakutaka panya ndani. Nikamwambia mwache, mtoto hana mama, na mimi ndiye dhamana. Hatakanyaga msala wangu akiwa mchafu. Huyu hutembea juu ya mavi yake, halafu Zuhura anamwachia, anapita pale ninapoweka paji la uso. Kwa hiyo namwosha kabla ya sala. Nimeahidi."

Wajukuu zangu, kuna ukweli ambao mtu hulazimika kuutoa kwa kijiko. Nilijua tayari. Ile sabuni niliyonusa siku ya kwanza haikutoka ukutani. Ilikuwa ngozini. Sabuni ya kufulia inatoa grisi kwenye turubai la lori, sembuse mafuta machache ya kiumbe kama kile. Na dawa yangu nayo ilimwongezea josho la pili kila siku. Lakini ningesemaje? Kwamba mkono uliomwingiza ndani ya nyumba ndio unaomtoa?

Nikatazama huo mkono. Ulikuwa mwekundu kwenye viungo, umepasuka mistari kati ya vidole, na mmoja ulikuwa unatoa damu kidogo.

"Mama, mikono imekuwaje?"

"Baridi hii ya kwenu," akasema. "Nimepaka nazi, nimepaka samli, wapi." Akaigeuza, akaitazama. Kisha akamtazama Mashavu, ambaye kanga ilikuwa imemfunguka tumbo. Mistari ile ile. Weupe ule ule unaobanduka. Akaitazama mikono tena, akamtazama mnyama tena, na mimi nikawa natazama barabara, kama kweli nasubiri lori.



"Desderi," akasema. "Ni mimi?"

"Ni sabuni, mama."

"Sabuni haitembei yenyewe."

Machozi yalimtoka, machache, akayafuta kwa ule mkono uliopasuka, yakamchoma, akaguna. "Nilikuwa namwosha ili asitolewe," akasema. "Sasa nikiacha, atakuwa mchafu, atatolewa. Nikiendelea, atakuwa na upara, atatolewa. Eti kipanya kama hiki kimenitia mtegoni mimi!"

Mimi ni mtu wa ng'ombe. Ng'ombe hakanyagi msala. Akainuka kwenda kusali, akaniacha na karai na Mashavu aliyelowa akinitazama kwa macho yake kama mbegu za papai.

Alichukua muda kuliko kawaida. Aliporudi, uso ulikuwa umebadilika. Ulikuwa ule uso wake wa kuniuliza habari za kucha.

"Wewe na mapadri wako hamjui kitu hiki, kwa hiyo sikiliza. Mgonjwa ambaye maji yanamdhuru, Mwenyezi Mungu hamlazimishi maji. Amemruhusu udongo safi. Tunaita kutayamamu. Sasa huyu hana sala, hana udhu, ni mnyama tu, sitaki mtu aniambie nimesilimisha panya. Lakini ikiwa Mola kamhurumia mwanadamu mgonjwa asilazimike kutumia maji, mimi ni nani nimshindilie mnyama ndani ya karai? Nitafutie mchanga."

Nilitaka kumbusu yule bibi. Kwa sababu, hebu fikirini, nani hajamwona kuku akijimwagia vumbi? Punda akigaragara barabarani? Nilikuwa nimeviona maisha yangu yote, na havikunijia kichwani mpaka mwanamke aliyetoka kusali aniagize mchanga.

Tatizo ni mchanga gani. Udongo wetu huku juu ni mwekundu na unashika, ungemfanya tofali. Mchanga wa mtoni ni mkubwa, unakwaruza. Bahati nzuri nilikuwa natakiwa kwenda Wampembe kukagua mifugo, nikachukua debe tupu. Kule ziwani wanawake walikuwa wanaanika dagaa. Waliponiona nimechuchumaa nachota, mmoja akasimama mikono kiunoni.

"Bwana Josho! Huku watu huja kununua samaki. Wewe unatuibia nchi?"

"Ni wa kumwoshea mgonjwa."

"Mgonjwa gani?"

Nikafanya kosa, nikasema panya. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini kwenye dagaa zake. Hata miaka mingi baadaye nikifika Wampembe walikuwa wananiita Mwosha Panya. Nimezoea.

Nilipanda na lile debe ule mlima wote, na mkitaka kujua uzito wa mchanga, pandeni nalo. Tukauchekecha kwa kitambaa, ukabaki ule laini kabisa. Kisha tukaukaanga kwenye kikaango kikavu mpaka usishikike, ili mdudu yeyote afe, tukauacha upoe. Hili la kukaanga mlishike. Mchanga usiokaangwa unaweza kumletea mnyama wageni wabaya kuliko aliokuwa nao. Na uwe mchanga, usiwe vumbi, maana vumbi humwingia mapafuni.

Bi Rukia akaumwaga kwenye bakuli pana. Zuhura akamweka Mashavu katikati. Alinusa. Akachimba kidogo kwa mkono. Halafu, bila kufundishwa na mtu, akajitupa ubavu, akajigeuza, akajigeuza tena, miguu juu, tumbo juu, akajisugua shingo, akatoka amesimama, akajikung'uta, akarudi ndani tena. Zuhura alicheka kwa mara ya kwanza tangu nimwone na ile kanga. Bibi yake akafunika mdomo.

"Kumbe alikuwa anangoja tu nimalize ujinga wangu," akasema.

Kiberiti nikakiacha. Takataka za randa, zilizokuwa na harufu kali ya mbao, nikazitupa, nikamtandikia majani makavu yaliyoanikwa juani vizuri. Nikamwambia Zuhura, pamoja na ulezi, ampe kipande cha boga na mbegu zake, maana manyoya huota kutoka tumboni. Kibanda kikahamia jikoni mbali na moto, kwa sababu ya yule mbwa. Na ule msala, Bi Rukia akauinua juu ya kigingi kila amalizapo kusali, jambo ambalo, alisema, angelifanya tangu mwanzo kama asingekuwa mkaidi.

Kisha tukangoja. Na hapa ndipo vijana mnaposhindwa. Mnapaka leo, mnatazama kesho, keshokutwa mnabadilisha dawa. Ngozi haina haraka. Ukiwa na tabia ya kuichungulia kila saa utaona haisogei, kama vile ukikaa kuutazama ulezi. Nami nilikuwa nasema hivyo kwa mdomo, huku nikipita pale dukani kwa visingizio: leo chumvi, kesho kiberiti cha kuwashia, keshokutwa chumvi tena. Zuhura hakuniuliza kitu. Alikuwa anatikisa kichwa tu: bado. Mwezi ukaandama, mjini watu wakaanza kupaka nyumba chokaa, Bwana Salimu akaleta mchele kwa lori, na Zuhura akatikisa kichwa: bado.

Kisha ng'ombe wa mtu wakavunjika miguu, mmoja baada ya mwingine, kwenye daraja bovu huko Kate, nikawa huko, sikuweza kupita. Nilirudi siku ya Maulidi yenyewe. Nilikwenda dukani miguu mizito. Uani kumejaa kanzu na buibui, ubani unafuka, masinia yanapita. Nilisimama mlangoni kama mdai. Bwana Salimu aliniona, akaja, na nyuma yake mama yake.

"Mama," nikamsikia anasema, "wageni wamekaa. Tuliahidiana. Yule mnyama..."

"Yule mnyama kashaoga," Bi Rukia akasema.

"Kaoga lini? Sijaona maji."

"Asubuhi. Kwa mchanga. Kamtazame mwenyewe jikoni, halafu umtoe kama una moyo huo. Na ukinibishia mbele ya watu, nawe nitakuogesha."

Bwana Salimu akaenda jikoni. Nilitaka kumfuata, lakini Bi Rukia alinizuia kwa kikombe cha kahawa. Alininyooshea kwa mikono yote miwili, kama anavyopewa mgeni, na mimi nikainama kukipokea.

Mikono ilikuwa imefunga. Hakuna mstari, hakuna wekundu. Ngozi laini ya mwanamke mzee aliyeachana na karai.

Nikanywa kahawa yangu pale pale mlangoni, taratibu, mpaka niliposikia kutoka jikoni Bwana Salimu anacheka na Zuhura anamwambia, "Baba, usimguse kwa nguvu, ndiyo kwanza yanaota."